Matanga Yaliyomtangulia Maiti

Kiti pekee kilichokuwa wazi katika saluni ya Carmine Zelnick kilikuwa kile cha kunyolea, na Bi Thelma, mwenye miaka themanini na sita na magoti yasiyotaka mzaha, akakikalia. Carmine, kwa mazoea ya maisha yake yote, alikwishamfunga shuka jeupe shingoni kabla hajamtazama usoni.

"Tupunguze pembeni tu, mama?"

"Sikuja kunyolewa."

"Wote husema hivyo. Kisha wanatoka wamependeza."

Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu walicheka nyuma ya magazeti yao. Mlangoni alisimama Rochelle, binti wa Thelma, ameukumbatia mkoba wa mama yake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Mumewe, Sheldon, alikuwa nje akizunguka na gari kutafuta mahali pa kuegesha. Kila alipopita mbele ya dirisha la saluni uso ulikuwa umezidi kuiva.

"Naitwa Thelma," akasema kikongwe, mikono imemezwa na shuka. "Nilizaliwa Zelnick. Hershel alikuwa kaka yangu."

Mkasi ukasimama hewani.

Kusini mwa Philadelphia, Zelnick anayepiga ishara ya msalaba alikuwa mmoja tu, naye ni Carmine. Utotoni watoto wa Kikatoliki walimpiga shuleni kwa ajili ya jina lake, na akitoka shuleni watoto wa Kiyahudi walimpiga kwa ajili ya medali ya Bikira Maria iliyoning'inia shingoni. Akajifunza mapema kucheka kabla hajachekwa, na elimu hiyo ndiyo iliyomjazia saluni miaka yote hiyo.

"Ehe!" akapiga makofi. "Shangazi! Jamani, huyu ni shangazi yangu! Miaka sabini, shangazi. Ulipotea njia, au ni foleni za barabarani?"

"Nisikilize kwanza."

"Nasikiliza. Masikio ndiyo kazi yangu, nimekata mawili matatu."

Thelma hakucheka. Alikuwa amejizoeza maneno yake tangu nyumbani, akayatoa kwa mpangilio. Hershel, baba yake Carmine, amelala Tunisia katika makaburi ya wanajeshi wa Kimarekani, mahali alipouawa vitani, na juu ya kichwa chake umesimama msalaba. Hershel alikuwa Myahudi, mwana wa Myahudi na mjukuu wa Wayahudi. Kuna watu wanaojitolea kuwatafuta askari kama yeye, nao wamekusanya kila ushahidi uliotakiwa. Ofisi ya makaburi ya vita imekubali kuung'oa ule msalaba na kusimamisha nyota ya Daudi. Limebaki jambo moja. Marehemu ana mtoto, na mtoto yuko karibu zaidi kuliko dada. Bila saini ya Carmine hakuna kitakachoguswa.

"Nataka nilione hilo kabla sijafa," akamaliza. "Na mimi kufa siko mbali."

"Jeshi lilikosea," Rochelle akaongeza kutoka mlangoni, kwa sauti ya upole anayoitumia kwa mafundi. "Hatumlaumu mtu."

Carmine akamgeukia. "Wewe ni nani?"

"Rochelle. Binti yake."

"Basi wewe ni binamu yangu. Binamu, jeshi limekosea mengi. Mimi mwenyewe lilinipa viatu vya mguu mmoja, vyote vya kushoto. Lakini hili halikukosea. Mama yako hakukwambia?"

Mmoja wa wazee wa benchi akasema, bila kushusha gazeti, "Maiti haulizwi sanda, Carmine."

"Ndiyo maana huulizwa walio hai. Na mama yangu aliulizwa." Akaweka mkasi kwenye maji ya dawa na kujifuta mikono. "Baba alipomwoa mama, Mtaliano, Mkatoliki, ndoa ya kanisani, babu Zelnick alifanya nini, shangazi? Sema wewe. Ukikosea nitasahihisha."

Thelma alikitazama kioo kilichokuwa mbele yake. Ndani yake aliona kichwa chake kimechomoza juu ya shuka, na nyuma yake Carmine, na nyuma ya Carmine kioo kingine chenye kichwa chake tena.

"Alimwekea matanga," akasema.

"Mtu akiwa hai! Anakula makaroni kwa bibi yangu, mitaa mitatu kutoka hapo. Mkararua nguo, mkafunika vioo, mkakaa chini siku saba na watu wakaja kuwapa pole. Baba alipita nje akaona watu wanaingia na sahani, akauliza nani kafa. Akaambiwa ni yeye."

Gazeti la benchini likashuka.

"Mwaka uliofuata akafa kweli. Mama akaja kwenu, telegramu mkononi, mimi tumboni. Babu akamwambia kupitia dirishani: sisi matanga tumeshaanua. Haya. Vita vikaisha, jeshi likamwandikia mama: tuweke alama gani? Mama alikuwa msichana wa kiwanda cha mashati, hakujua mambo yenu. Akaja mara ya pili, kuuliza tu. Alisimama kwenye ngazi zenu na mimi nimemshika mkono, nina miaka minne. Hakuna aliyefungua. Lakini mama alinihadithia mpaka anakufa kwamba pazia la juu lilitikisika."

"Lilitikisika," akasema Thelma.

Rochelle alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza akiwa hana meno.

"Basi akaweka alichokuwa nacho," akasema Carmine. "Mama yangu hakuwa na nyota. Alikuwa na msalaba, akampa. Leo mnataka niung'oe kwa mkono wangu."

Sheldon akapita tena dirishani, safari hii akipiga honi.

"Nifanye nini?" akauliza Thelma.

Carmine alifikiri, na alipopata jibu uso wake ulimeremeta kama wa mtoto aliyegundua utundu mpya.

"Kaa matanga."

"Nini?"

"Ulimkalia baba akiwa hai. Alipokufa hukumkalia hata dakika moja. Basi kaa. Vioo, nguo, mlango wazi, watu waje. Siku zote saba. Halafu tutazungumza habari ya saini."

"Sheria yetu haina matanga ya mtu aliyekufa miaka sabini iliyopita."

"Na ina matanga ya mtu aliye hai?"

Carmine akamfungua shuka na kulikung'uta kwa nguvu, ingawa halikuwa na unywele hata mmoja.

"Leo hatukudai, shangazi. Hatukukata kitu."

Njiani Sheldon aliendesha na kulalamika kwamba mtaa mzima watu wameweka viti vya jikoni barabarani kushikia nafasi zao za magari, na alipokisogeza kimoja mwanamke mwenye ufagio alimtukania ukoo. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mama," akasema Rochelle, "uliniambia jeshi lilikosea. Umewaambia wale wanaojitolea. Umemwambia yule mwandishi wa gazeti."

"Niliwaambia kuna kosa. Hawakuuliza la nani."

"Mimi nilikuuliza!"

"Wewe uliuliza ukiwa na miaka tisa. Nilikupa biskuti."

Baada ya daraja Thelma akasema, "Tuna mashuka ya kutosha kwa vioo?"

"Mama, huwezi. Watu watasema nini? Watasema umerukwa na akili, na mimi nimekuachia."

"Watasema hivyo hivyo nikifa na kaka yangu yuko chini ya msalaba. Afadhali waseme nikiwapo."

Alhamisi asubuhi vioo vya nyumba ya Rochelle vilikuwa vimevaa mashuka, kile cha ukumbini shuka la maua kwa kuwa meupe yaliisha. Thelma aliikata kola ya sweta yake kwa mkasi wa jikoni, akairarua kwa mikono kadiri vidole vilivyomruhusu, akavua viatu, akavaa sapatu za kitambaa na kukaa juu ya kreti la maziwa lililogeuzwa. Ilibidi Sheldon na Rochelle wamshushe pamoja, huku na huku, na Sheldon akatamka hadharani kwamba kumwinua litakuwa suala la wazima moto.

Wa kwanza kuja alikuwa Plotkin, mzee mwenye funguo za sinagogi ya pembeni na uongozi wa sala zake. Hakubisha hodi wala hakusalimu, kwa kuwa kwenye matanga hakuna salamu. Alivuta kiti, akakaa, akasubiri mfiwa aseme kwanza, kama ilivyo ada.

"Ni Hershel," akasema Thelma. "Kaka yangu."

"Pole. Sikujua una kaka. Amefariki lini?"

"Kwenye vita."

"Vita vipi?"

"Vya Hitler."

Plotkin akaitazama saa yake, kisha shuka la maua. "Thelma. Mazishi yalichelewa?"

"Mazishi hayakuchelewa. Sisi ndio tumechelewa."

"Lakini hakuna kitu kama hiki. Habari ya msiba ikikufikia kwa kuchelewa mno, unakaa saa moja, unainuka. Na hii hata haikuchelewa kukufikia. Ulijua."

"Nilijua. Ndiyo maana saa moja haitoshi."

Plotkin alizikuna ndevu. Alikuwa mtu wa sheria, lakini alikuwa pia mtu aliyezika wengi, na wafiwa alishawaona wa kila namna: wanaocheka, wanaogombea zulia, wanaomtukana marehemu. Huyu angalau alikuwa amekaa kimya juu ya kreti. "Nitakuletea watu kwa ajili ya sala za jioni," akasema. "Siahidi kumi."

Hilo la kumi ndilo lililokuwa shida. Kadishi, dua ya wafiwa, haisomwi mpaka watimie wanaume kumi wa Kiyahudi, na kwa sinagogi ya kina Plotkin mwanamke hahesabiwi hata akiwa ndiye mwenye msiba. Hershel hakuwahi kusomewa Kadishi tangu afe. Msiba wa moto huvuta watu wenyewe, uliopoa unahitaji kubembeleza. Jioni ya kwanza walikuja sita, na wanne kati ya hao walikuja kuhakikisha kama ni kweli. Iliyofuata walikuja saba. Walikula samaki wa siki, mayai ya kuchemsha na saladi ya Rochelle, wakasoma Zaburi, wakaondoka wakinong'onezana kwenye ngazi. Bi mmoja wa jirani alimshika Rochelle mkono jikoni, akamwuliza kwa huruma, "Daktari anasemaje?" Rochelle akajibu kwamba daktari hajaulizwa, akaenda kulia kidogo bafuni, mbele ya kioo kilichofunikwa.

Carmine alikuja siku ya pili, koti la Jumapili, boksi la vitamu vya Kitaliano mkononi, vile vya mrija uliojazwa jibini tamu. Aliingia sebuleni. Watu wote wakamtazama, wasiseme neno. Akasimama. Bado hawakusema neno. Akampa Rochelle boksi, na Rochelle, ambaye jikoni mwake hakiingii chakula kisicho halali kwa Wayahudi, alizunguka nalo kama aliyepewa bomu, mwisho akaliweka juu ya mashine ya kufulia. Carmine aliona. Akageuka, akalichukua boksi lake na kwenda kukaa kwenye ngazi za nje.

Sheldon alimfuata.

"Hamjui hata kusalimu watu," akasema Carmine. "Mbwa wangu nyumbani ananisalimu."

"Si dharau. Matangani hatusalimiani. Ungekaa tu, yeye angekuanza."

"Na vitamu?"

"Hivyo kweli ni dharau," akasema Sheldon, "ila si yangu." Akafungua boksi. Alikula viwili akitazama mlango, cha tatu akaacha kutazama. "Usimwambie mke wangu."

"Umepakaa puani."

Tangu siku hiyo Carmine akawa anakuja kila jioni na kukaa kwenye ngazi, haingii, na Sheldon akawa na udhuru wa kutoka nje kila jioni kutupa taka. Rochelle alishangaa taka zinatoka wapi. Ndani, Thelma alijua kwamba yuko nje, kwa kuwa aliomba kreti lake lisogezwe karibu na dirisha. Lilikuwa na pazia. Akaagiza litolewe.

"Lifungwe pembeni?" akauliza Rochelle.

"Litolewe."

Jioni ya mwisho mvua ilinyesha kama iliyolipwa. Kesho yake asubuhi matanga yangeanuliwa, kwa hiyo kama Hershel angesomewa Kadishi nyumbani kwa dada yake, ilikuwa jioni hiyo. Plotkin alikuwa amepiga simu tangu alfajiri. Amedai fadhila za zamani, amewakumbusha watu nani alikuja kwenye misiba yao. Walikuja wanane wameloa, Plotkin akiwa mmoja wao, na Sheldon akawa wa tisa.

Ngazini hakukaliki, Carmine akalazimika kuingia. Sheldon akampa kofia ndogo ya kitambaa kutoka kwenye droo na kiti kando ya mlango. Thelma alimtazama kutoka kretini.

"Umeloa," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kusema.

"Nyumba yenu haina ubaraza, shangazi. Mgeni mnamtakia nimonia."

Plotkin akaanza kuhesabu. Kwao watu hawahesabiwi waziwazi, wasije wakapatwa na jicho, kwa hiyo alipita na kidole akikanusha: si mmoja, si wawili, si watatu. Akajihesabu mwenyewe na Sheldon, kidole kikafika mlangoni, kwa mtu mwenye kofia.

"Si kumi!" akasema kwa furaha, maana yake wametimia. "Samahani, bwana, sikukufahamu. Wewe ni wa nani?"

"Carmine Zelnick. Marehemu ni baba yangu."

Chumba kikachangamka kama jiko lililoongezwa mafuta. Mtoto! Marehemu ana mtoto wa kiume! Wazee wakageuza viti. Mmoja akamshika bega. Plotkin akasukuma kitabu mikononi mwake, kimefunguliwa mahali penye Kadishi iliyoandikwa kwa herufi za Kizungu kwa ajili ya wasiojua kusoma Kiebrania.

"Basi ni haki yako, si yangu," akasema. "Miaka sabini anakungoja wewe. Simama, mwanangu. Soma polepole. Ukikwama tutakushika."

Carmine alisimama, kitabu mkononi. Hakukitazama. Alimtazama shangazi yake.

Kwao Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi. Kila mtu chumbani alilijua hilo, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa jina lilikuwa Zelnick na kofia ilikuwa kichwani. Sheldon alikohoa. "Anza, Plotkin. Saladi inapoa."

"Saladi ni ya baridi," akasema mmoja.

Rochelle alichutama kando ya kreti, akambana mama yake mkono. "Nyamaza tu," akanong'ona. "Mama, safari hii nyamaza tu. Kaka yako atasomewa."

Kilichotakiwa kwa Thelma ni kukaa alivyokaa. Dakika mbili, dua ingekwisha, na kaka yake angekuwa amepata kutoka kwa mwanawe mwenyewe kile ambacho baba yao alimnyima. Kwa bei moja tu: kwamba kwa dakika hizo mbili Carmine asiwe na mama.

"Plotkin," akasema. "Ngoja."

"Thelma, watu wamesimama."

"Mama yake ni Loretta DiNardo. Mkatoliki. Alikuwa mke halali wa kaka yangu."

Plotkin alikichukua kitabu kutoka mikononi mwa Carmine, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu bila kumtisha.

"Kwa nini umeniambia?" akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuchoka. "Sasa hivi ningekuwa nimeshasema amina."

"Ndiyo maana nimekuambia."

Plotkin alipiga simu tatu zaidi, na mvua ikamjibu zote. Wakasoma Zaburi, kwa kuwa Zaburi haziulizi wasomaji ni wangapi, wakavaa makoti. Mlangoni mzee mmoja alimwambia mwenzake kwamba Zelnick wa zamani alikuwa kichwa kigumu hivi hivi. Plotkin, akitoka wa mwisho, alisimama mbele ya Carmine akiwa hajui afanye nini na mkono wake, mwisho akamwinulia kofia. "Hiyo iliyo kichwani mwako baki nayo," akasema. "Tunazo nyingi, hupewa bure kwenye harusi."

Thelma alikuwa akizitazama sapatu zake. Rochelle alikusanya sahani kwa kishindo.

"Matanga yenu yanaanuliwa saa ngapi?" akauliza Carmine.

"Asubuhi," akasema Sheldon. "Plotkin anakuja, anamwambia inuka, kisha tunatoka nje tunazunguka nyumba kidogo. Ndiyo desturi. Kumrudisha mtu duniani."

"Nitakuja na gari."

"Tunazunguka kwa miguu," akasema Rochelle.

"Basi sisi tutazungukia mbali kidogo, binamu."

Makaburi ya Wakatoliki yako upande wa uwanja wa ndege. Carmine aliegesha mpaka gurudumu likapanda nyasi, akamshusha shangazi yake, akampa mkono. Rochelle na Sheldon walibaki kwenye gari kwa amri. Mvua ilikuwa imekwisha, udongo ulikuwa mzito, na walikwenda mwendo wa harusi.

Jiwe lilikuwa la kijivu, msalaba umechongwa juu, na chini yake: LORETTA ZELNICK, MKE WA HERSHEL. Thelma alilisoma jina la ukoo wa baba yake chini ya msalaba, katikati ya kina Ricci na kina Esposito. Hakuwa amejua kwamba Loretta hakuolewa tena. Hakuwa amejua kwamba alikaa na jina lao mpaka mwisho, na kwamba alilipa wachongaji herufi kwa herufi ili aende nalo ardhini.

"Mama," akasema Carmine, "una mgeni. Amechelewa kidogo."

Akarudi nyuma hatua chache, akajifanya anang'oa magugu kwenye kaburi la mtu mwingine.

Thelma alisema kitu. Ndege ikapita juu, tumbo lake likionekana, na maneno yakapotea.

"Sema kwa nguvu!" akapaza Carmine. "Miaka ya mwisho alikuwa hasikii vizuri."

"Loretta!" akasema Thelma, kwa sauti ambayo mtu angeitumia kumwita jirani kutoka ghorofani. "Ni Thelma! Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa mtu mzima. Komeo la mlango lilikuwa upande wangu." Akapumua. "Ulikuja kuuliza uweke nini. Nyota, Loretta. Weka nyota."

Ndege nyingine ilikuwa inakuja, lakini bado ilikuwa mbali.

Carmine alirudi akifuta matope mikononi. Alitoa karatasi ya ofisi ya makaburi ya vita kutoka mfuko wa ndani wa koti, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya boneti ya gari. Ndani ya gari Rochelle alizuia pumzi na Sheldon akamwuliza ana nini. Kalamu ilikataa kwanza, akaipulizia, akaijaribu kwenye kiganja, kisha akatia saini jina zima, kubwa, kama lilivyoandikwa juu ya dirisha la saluni yake.

"Haya. Wapelekee kabla sijajiuliza mara mbili." Akamkabidhi. Kisha ule utundu wake ukamrudia usoni, akalionyesha jiwe kwa kidole cha gumba. "Na huu je, shangazi? Zelnick huyu pia yuko chini ya msalaba. Na wenye makaburi haya tuwaandikie barua, waje wausahihishe?"

Thelma alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo. Alilitazama jiwe tena, toka juu hadi chini, bila haraka, jinsi mwenye nyumba anavyokagua kazi ya fundi kabla ya kukubali.

"Huu hauna kosa," akasema.